Steringi Hafi

Sheria ya kwanza niliyofundishwa kuhusu sinema ilikuwa ya maneno mawili: steringi hafi. Nilifundishwa na vijana wakubwa wa mtaani kwetu Tandika, nje ya banda la video lililozibwa kwa mabati na magunia, kiingilio shilingi hamsini. Steringi anaweza kupigwa risasi begani, akaanguka kutoka ghorofani, akafungwa kamba na kumwagiwa petroli, lakini hafi. Anayekufa ni adui, tena mwishoni, tena baada ya kuongea sana. Ukiona mtu amekufa katikati ya picha, basi huyo hakuwa steringi. Wewe ndiye uliyechagua vibaya.

Ndiyo maana siku tuliyoonyeshwa Titanic, banda zima lilitaka kurudishiwa hela.

Nilikuwa darasa la tatu. Picha yenyewe ilikuwa imeshachukua Oscar 11 mwezi Machi 1998, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora kwa James Cameron, lakini habari hizo hazikufika Tandika, au zilifika na hazikumhusu mtu. Sisi tulichojua ni kwamba picha ni ndefu hadi imegawanywa mikanda miwili, na kwa sababu ya mikanda hiyo miwili mwenye banda alipandisha kiingilio hadi shilingi mia. Walioshindwa kutoa mia waliruhusiwa kulipa hamsini na kutazama mkanda wa kwanza tu. Mimi nilikuwa na mia. Niliipata wapi, tutafika huko.

Kwa ambao hawakuwahi kukaa kwenye banda la video, inabidi nieleze mtafsiri ni nani. Dar ya miaka ile ilikuwa na watu waliokaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti mkononi, wakaigeuza picha ya Kimarekani, ya Kichina au ya Kihindi kuwa ya Kiswahili papo hapo, mkanda ukiwa unatembea. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Lufufu, ambaye sauti yake baadaye ilisambaa hadi mikoani kwenye mikanda iliyotafsiriwa tayari. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana VJ Jingo. Neno lenyewe, kutafsiri, linawapunja. Mtafsiri alikupa majina ya watu, alikwambia nani ana deni kwa nani, alikuonya kwamba yule anayecheka pale mlangoni ndiye atakayemsaliti mwenzake, na picha ikizubaa alikuchekesha ili usitoke kwenda kununua karanga ukasahau kurudi.

Wa kwetu hakuwa Lufufu, ila alimwiga hadi namna ya kuvuta pumzi. Kiingereza chake, nilikuja kugundua baadaye sana, kilikuwa cha kuokoteza. Katika Titanic yake, Jack alikuwa kijana wa Keko asiye na nauli, aliyeshinda tiketi kwenye karata. Mama yake Rose alikuwa na madeni duka hadi duka na alitaka kumwoza binti ili yalipwe. Mchumba tajiri alikuwa na viwanda viwili Barabara ya Pugu. Ukiacha Keko na Pugu, hakukosea sana.

Jack alipozama, pakawa kimya. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Steringi kafa?" Banda likalipuka. Mtafsiri akafikiri haraka, akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Tulieni, tulieni. Hajafa huyo. Amezimia kwa baridi. Hapo chini kuna nyambizi inamsubiri. Sehemu ya pili inakuja."

Niliisubiri sehemu ya pili hadi nilipoingia sekondari.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikachukua beseni la kufulia, nikalijaza maji, nikaelesha kopo la samaki ndani yake na vijiti vya kiberiti vikiwa abiria. Nilikuwa nalizamisha kopo taratibu, upande mmoja kwanza, kama nilivyoona, huku nikiwapigia mayowe wale abiria kwa niaba yao. Mama alitoka jikoni. Sikumbuki alichosema, na sidhani kama alisema. Nakumbuka alinichapa kwa mwiko uleule aliokuwa anasongea ugali, akamwaga maji ya beseni uani, akaenda kukaa chumbani hadi ugali ukaungua. Baba aliporudi aliniita pembeni. "Mchezo ule," alisema, "usiucheze tena humu ndani." Hakueleza, nami sikuuliza.

Nilipaswa kujua. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba kwenda Mwanza kupitia Kemondo, ikiwa imebakiza kipande kidogo cha safari. Waliokufa ni zaidi ya 800. Hesabu kamili haipatikani, na mojawapo ya sababu ni hii: daraja la kwanza na la pili yalikuwa na orodha ya abiria, daraja la tatu halikuwa nayo. Mdogo wake Mama, kitinda mimba wa kwao, alipanda daraja la tatu. Alikuwa na miaka 19, amemaliza kidato cha nne, anakuja kukaa kwetu atafute kazi. Mwanza angechukua treni. Mama alikuwa ameshamnunulia godoro. Kama babu asingemsindikiza bandarini na kumwona kwa macho yake akipanda, kusingekuwa na ushahidi wowote duniani kwamba mjomba wangu alikuwemo melini. Mama alisafiri hadi Mwanza, akapita kwenye mistari ya maiti, akarudi mikono mitupu. Godoro nililalia mimi.

Wakati ule nilikuwa na miaka saba. Nilijua mjomba amekufa maji. Ila maji ya mjomba na maji ya Titanic, kichwani mwangu, hayakuwa yamekutana.

*

Mwaka juzi marafiki zangu kadhaa tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu Mwananyamala. Ni watu wanaopenda filamu kwa namna ya kuziheshimu. Wanajua majina ya wapiga picha. Tulikubaliana kila mtu aje na filamu tano zilizopata tuzo, anazozipenda yeye, na azitetee. Wa kwanza alileta Parasite. Wa pili akaleta Moonlight na Roma. Ilipofika zamu yangu nikaanza na Titanic.

"Titanic kweli?" mmoja aliuliza. "Au unatutania?"

Mwingine akasema hiyo ni filamu ya mashangazi. Nilicheka nao, nikabadilisha haraka, nikataja Nairobi Half Life, ambayo nayo naipenda. Filamu ile ya 2012 ya David Tosh Gitonga ndiyo ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania Oscar, na Joseph Wairimu alichukua tuzo ya mwigizaji bora Durban kwa kuicheza. Hakuna aliyecheka. Nilirudi Mbagala na daladala ya mwisho nikiwa na hasira ambayo sikuweza kuiweka sawa. Mtu unaikana filamu kama Petro, tena bila hata jogoo kukuandama.

Nilichoshindwa kuwaambia ni kwamba mimi siku hizi sitazami filamu. Natafsiri.

Mama ana presha ya macho. Ni ugonjwa wa hila: hauumi, na unaanza kula pembeni ya macho, kwa hiyo mtu anaendelea kusoma, kusahihisha madaftari, kuchagua mchele, huku ulimwengu unabanwa taratibu hadi unabaki kama tundu la bomba. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alianza kwa kugongana na madawati. Akajisema ni uzee. Hospitali ya kwanza tuliyokwenda walimpa miwani, na tukapoteza miezi minane tukiiamini ile miwani. Kilichoshapotea kwenye presha ya macho hakirudi. Dawa za matone zinalinda kilichobaki tu. Kwa jicho la kulia sasa anaona mwanga na kivuli. La kushoto halioni. Baba alishatangulia, dada zangu wameolewa mbali, mimi ndiye niliyerudi nyumbani.

Jioni zilikuwa ndefu. Redio ilimchosha. Siku moja nilikuwa natazama kitu kwenye kompyuta, yeye amekaa kwenye kochi, akauliza, "Huyo anayelia ni nani?" Nikamwambia. Akauliza analilia nini. Nikamwambia. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeshasogeza kiti, nakaa pembeni ya kioo, nimeinama kidogo, namweleza nani anaingia na nani anatoka. Nikajitambua nimekaa kama mtu ninayemjua. Kilichokosekana kilikuwa kipaza sauti.

Kwa hiyo zilizofuata ndizo filamu zangu, na siwezi kuzitenganisha na aliyekuwa upande wa pili wa kochi.

Mother India hakuhitaji nimtafsirie. Aliiona mara tatu katikati ya miaka ya 80, akiwa bibi harusi mpya mjini, Baba akimpeleka Avalon kila iliporudishwa. Filamu ni ya 1957, ilichukua Filmfare ya filamu bora, ya mwongozaji bora Mehboob Khan na ya mwigizaji bora wa kike Nargis, na ikawa filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kushindania Oscar. Mama hajui Kihindi hata cha kununulia bizari. Lakini mimi ndiye niliyeuliza maswali. Alinitajia mafuriko kabla hayajafika, akanionyesha kwa kidole, kuelekea ukutani, mahali mkopeshaji Sukhilala anaposimama. Na Radha alipomnyooshea bunduki mwanawe Birju, Mama alinikamata mkono.

"Avalon nzima tulikuwa tunamwambia usipige," alisema. "Wanaume wazima. Baba yako amesimama kwenye kiti."

"Na akapiga."

"Kila mara akapiga."

Nilimuuliza mama anayempiga risasi mwanawe ili kuilinda heshima ya kijiji anapata wapi moyo. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba swali hilo niwaulize wenye watoto. Mimi sina.

Ya pili ni ile ambayo Tanzania nzima inaiita Mapanki. Jina lake halisi ni Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper, 2004. Ilipewa tuzo ya Ulaya ya filamu bora ya ukweli mwaka huohuo, ikachukua César Ufaransa mwaka 2006, na mwaka 2006 huo ikashindania Oscar ikashindwa na filamu ya pengwini. Ni Mwanza: viwanda vya minofu ya sangara, ndege kubwa za mizigo zinazotua kutoka Ulaya, na watu wa hapo ambao minofu hawaipati, wanapata mapanki, yaani mifupa na vichwa vya samaki, vikianikwa juani kwenye vichanja. Rais Kikwete aliishambulia hadharani mwaka 2006 na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Mimi nilikuwa sekondari, na kwa sababu ya kelele hizo kila mtu aliitafuta.

Sina uhakika kama "naipenda" ndilo neno. Hoja yake ya silaha, kwamba ndege zinaondoka na samaki na huja na bunduki, inajengwa zaidi kwa maneno ya watu kuliko kwa kinachoonekana. Sehemu yenye nguvu ni pale rubani anapokiri kwamba aliwahi kupeleka mizigo ya kivita Angola, kisha akabeba zabibu kwenda Ulaya. Waliolalamika kwamba nchi imechafuliwa walikuwa na haki yao kidogo. Lakini mapanki yalikuwepo. Tumekula mapanki. Filamu inayokasirisha serikali kwa kuonyesha samaki inanivutia kuitazama tena.

Mama alitaka kitu kimoja tu kwenye filamu ile. "Ziwa linaonekana?"

"Linaonekana."

"Likoje?"

Nikajaribu. Nikasema limetulia, rangi ya bati, kuna mitumbwi. Nikaendelea na vichanja vya mapanki, moshi, funza, wanawake waliosimama kwenye matope. Halafu kukatokea mwanamke ambaye jicho lake moja limeharibika kwa hewa chafu ya pale, nami nikameza mate, nikaruka, nikaanza kuelezea kunguru.

"Umenyamaza kabla ya kunguru," Mama alisema.

"Nilikuwa natafuta neno."

Hakusema kitu. Amefundisha darasa la kwanza miaka 30. Anajua mtoto anayetafuta neno na mtoto anayeficha neno.

Watu Wote ni ya dakika 22 tu. Ni kazi ya wanafunzi wa filamu, mwongozaji Katja Benrath wa Ujerumani, wakaiigiza Kenya na Wakenya. Ilipata tuzo ya Oscar ya wanafunzi mwaka 2017 na mwaka uliofuata ikateuliwa kwenye Oscar yenyewe ya filamu fupi. Inatokana na tukio la kweli la Desemba 2015, basi la kwenda Mandera lililovamiwa na magaidi, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Tuliitazama mara mbili mfululizo, kisha Mama akaomba tuzime taa, ingawa kwake taa haina kazi.

Kisha Vuta N'Kuvute. Hii nilikuwa nimeibania. Riwaya ya Adam Shafi niliisoma kidato cha sita, kwa mtihani, na bado nina nakala yenye mistari ya kalamu nyekundu chini ya "dhamira". Amil Shivji aliigeuza filamu mwaka 2021, ikawa ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa kwenye tamasha la Toronto, na nchi ikaipeleka Oscar, miaka zaidi ya 20 baada ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo ndiyo pekee iliyowahi kupelekwa kabla yake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia Mama: Unguja, miaka ya 50, Mwingereza bado yupo, kuna msichana wa Kihindi anaitwa Yasmin, amekimbia mume mzee aliyeozwa kwa nguvu. Picha ikaanza. Nikasogeza kiti.

"Sasa anatembea kwenye kichochoro, ukutani kuna..."

"Nyamaza nisikie."

Nikadhani ametania. Nikajaribu tena Denge alipotokea.

"Baba, nyamaza. Hawa nawasikia."

Kwa saa moja na nusu nilikaa mikono mapajani kama mgeni. Kiswahili cha Unguja kilijaa sebuleni, na Mama alikuwa amefumba macho yasiyoona ili asikie vizuri zaidi. Alicheka mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha. Alijua mtu anadanganya kabla uso wake haujaonyesha, kwa sababu, alinieleza baadaye, mwongo anavuta irabu. Mwajuma alipoimba, Mama aligonga kochi kwa vidole. Mimi nilikuwa naona picha nzuri kuliko zote zilizowahi kupigwa katika lugha yangu, zile rangi, zile kuta zinazomeng'enyeka, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mtafsiri niliona wivu. Alikuwa na filamu yake na hakuniazima hata kipande.

Ilipoisha alikaa kidogo. Kisha akasema, "Ile uliyoizamisha kwenye beseni. Unayo?"

*

Sikuwa nayo. Au tuseme nilisema sina, na kesho yake nikaenda kwa kijana wa Mbagala Rangi Tatu anayeweka muvi kwenye flashi, nikaichukua. Aliniuliza nataka iliyotafsiriwa au ya kawaida. Nikasimama pale kwa muda mrefu kiasi kwamba akamhudumia mtu mwingine.

Nilichukua ya kawaida. Usiku kabla hatujaanza nilimsimulia Mama habari za banda, kijana wa Keko, viwanda vya Barabara ya Pugu, nyambizi. Nilimwambia kuhusu mia na hamsini, na kwamba mkanda wetu wa kwanza uliishia kabla barafu haijaonekana, kwa hiyo wenzangu wa hamsini walikwenda nyumbani wakijua picha ya mapenzi na dansi ndani ya meli nzuri.

"Na ile mia uliitoa wapi?"

"Chenji ya mafuta ya taa."

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nasubiri useme." Robo karne alisubiri.

Picha inaanza na bibi kizee. Wengi huwa wanamsahau Rose huyu mzee, tunakimbilia pale ncha ya meli na mikono iliyotandazwa, lakini filamu nzima ni masimulizi yake. Nilimwambia Mama: bibi ameketi mbele ya wazamiaji, anasema imepita miaka 84.

"Meli ilizama lini?"

"1912."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuendelea na Jack. Mama alikuwa mwalimu wa hesabu. Nilimwona akijumlisha, midomo ikitikisika kidogo.

"Tisini na sita," alisema.

Nilikuwa nimeitazama filamu hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuwahi kulipiga jumlisho hilo. Bibi Rose anasimulia mwaka 1996. Mahali fulani ndani ya mwaka ule wa kubuni, wakati wazamiaji wanatafuta kito baharini kwa mitambo ya mamilioni ya dola, kuna tarehe 21 Mei.

"Nisimamishe?"

"Endelea."

Nikaendelea. Sikuweka Keko wala Pugu. Nilimwambia Jack ni daraja la tatu, na kwamba daraja la tatu wana chumba chao chini, wanacheza ngoma za kwao, na picha inawapenda. Nilimwambia jambo ambalo halimo kwenye filamu, nililosoma nikiwa mkubwa: kwamba abiria wa daraja la tatu wa Titanic ya kweli wanajulikana, walioandikwa wameandikwa kwa jina, umri na walikotoka, na mtu anaweza kuwasoma leo mmoja mmoja. Alisema, "Hao." Basi.

Barafu ikaja. Maji yakaingia chini kwanza. Kuna mahali watu wa daraja la tatu wanafika kwenye mageti ya chuma na kukuta yamefungwa, na katika banda letu mtafsiri alipafanyia mzaha, alisema mlinzi ni wa hapo Uwanja wa Taifa. Mimi nilisema kinachoonekana. Wapo wengi. Kuna watoto. Wanapiga kelele.

"Wanagonga?"

Nilijua anauliza nini. MV Bukoba ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo likiwa juu, na waliokuwa wamenaswa ndani walisikika wakigonga. Waokoaji walitoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, meli ikaenda chini. Kila mtu wa Kagera na Mwanza wa umri wa Mama anaijua habari hiyo. Nyumbani kwetu haikuwahi kutamkwa.

Ningeweza kuelezea kunguru.

"Wanagonga," nilisema.

"Wanafunguliwa?"

"Hapana. Wengine wanang'oa benchi wanavunja wenyewe. Wengine wanabaki."

Alitikisa kichwa kama mtu anayepokea risiti. Tulikwenda hadi mwisho, zaidi ya saa tatu. Wapiga fidla, wazee wawili waliolala kitandani wamekumbatiana, mama anayewasimulia wanawe hadithi chumbani. Meli ikakatika. Kisha wale watu majini, mamia, sauti zao nyingi, halafu chache, halafu hakuna, na hapo mtafsiri hahitajiki kabisa.

"Na yule kijana?" Mama aliuliza.

"Amekufa."

"Ana nyambizi?"

"Hana, Mama."

Nilizima kompyuta bila kungoja majina yapite. Nje mtu alikuwa anafunga genge. Mama aliongea akiwa ameelekea dirishani.

"Nilipokuwa Mwanza nilimuuliza askari mmoja waliokuwa wanagonga walikuwa wangapi. Akasema mama, nenda kapumzike. Miaka yote hii mimi naomba kitu kimoja. Wenzangu wanaomba apumzike kwa amani. Mimi naomba awe alikufa mapema. Awe alikuwa juu, amelala, ilipopinduka tu basi. Asiwe kwenye wale wa kugonga." Akajifuta uso kwa kanga. "Mtu anamwombea mdogo wake afe mapema. Sikumwambia hata baba yako."

Sikuwa na la kusema na sikusema. Nilikwenda kuchemsha maji, tukanywa chai ya rangi, akaniuliza kama matone yake ya usiku ameshaweka. Alikuwa hajaweka. Nikamwekea, moja kulia, moja kushoto, ingawa la kushoto halifaidiki na kitu.

Siku mbili hatukutazama chochote. Siku ya tatu, baada ya kula, alijisogeza kwenye kochi hadi upande wake, akaweka mto mgongoni.

"Weka ile ya meli."

"Yote?"

Alinyoosha kiganja, kama kuna sarafu juu yake.

"Mimi nina hamsini tu," alisema.